Ndimu, Chai na Ukakasi

Diploma yangu ya lishe ilitundikwa ukutani juu ya kitanda, katika chumba ambacho sikuwa na ruhusa ya kutoka. Aliitundika marehemu mume wangu kwa mkono wake, akaielekeza mlangoni ili kila anayeingia kusalimia aione kabla hajaniona mimi. Alikuwa dereva wa lori, hakusoma sana, na alijivunia karatasi ile kuliko nilivyoijivunia mwenyewe, na mimi katika kujivuna si haba. Alifariki kwa malaria iliyompanda kichwani, majira embe zinapoanza kutia rangi. Aliniacha na mimba ya kwanza, tumbo limeshaanza kuonekana hata chini ya kanga.

Habari za diploma nazitanguliza kwa sababu bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Nilizaliwa Olumbi, katika nyumba ya makuti, baba yangu mkulima wa muhogo na mikorosho iliyozeeka. Sikuwa na mjomba serikalini wa kunifungulia mlango. Nilikwenda mji wa Nampula, huko kusini, na nguo nilizovaa tu. Asubuhi nilibangua korosho kiwandani mpaka mafuta ya ganda yakaniunguza vidole, jioni nikaingia darasani na vidole hivyohivyo vyeusi. Wenzangu waliokulia mjini walikicheka Kireno changu. Kabla hatujamaliza mafunzo walikuwa wananiomba niwafafanulie kilichomo ndani ya jani la muhogo, maana wao jani hilo walilijua likiwa limeshapikwa tu. Niliwapita karibu wote. Na wakati kila mwenye cheti alikuwa anatafuta namna ya kubaki kusini, mimi nilirudi huku kwetu kaskazini, nikapangiwa kazi hospitali ya Palma. Kina mama wakaniita dokta. Watumishi waliotoka mikoa mingine wakaniita kwa Kireno senhora técnica, yaani bibi mtaalamu. Nilikuwa nikipita njiani watu wananipisha.

Kisha nikawa mjane, na mjane wa huku hukaa eda.

Mjane asiye na mimba huhesabiwa miezi yake akamaliza. Mwenye mimba, eda yake haiishi mpaka ajifungue. Mwalimu wa madrasa aliliweka wazi hilo siku ya hitima, akiwa nje ya dirisha, na mama mkwe wangu akaitikia kwa niaba yangu kabla sijafungua kinywa. Nikavishwa nyeupe. Manukato hakuna, wanja hakuna, mafuta ya kunukia hakuna. Kioo kikatolewa chumbani kikageuzwa uso ukutani huko sebuleni. Ruhusa ya kutoka ilikuwa ya choo cha uani na ya hospitali, na hospitali nayo ni kwa kufunikwa gubigubi, mama mkwe mbele, wifi yangu nyuma. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama jiko la nje. Pale nilikaa, mtu niliyezoea kusimama mbele ya benchi la wajawazito na kusikilizwa, nikitazama watu wengine wakipika.

Nilikwenda kliniki mara ya kwanza tangu msiba nikiwa nachoka hata kwa kujifunga kanga. Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke wa mkoa wa Zambézia, rafiki yangu wa kazini, mwenye utani mkali. Alinichoma kidole, akasubiri, akasoma, akanitazama.

"Senhora técnica," akasema kwa Kireno, "hii damu ni yako au umeazima kwa mtu?"

"Kwani imekuwaje?"

"Imekuwa ndogo. Wewe, unayetufundisha sote kula majani!"

Nilitamani sakafu inimeze. Kisha utani ukamtoka usoni. Akasema hospitali yetu haina damu ya kumwongezea mzazi akipoteza nyingi, jambo nililolijua vizuri kuliko alivyofikiri. Akanipa vidonge vya madini ya chuma. Nikirudi mwezi unaofuata na damu haijapanda, hatakubali nizalie hapa. Ataniandikia niende hospitali kubwa ya kusini kwa msafara wa magari yenye askari, maana barabara hiyo watu huviziwa, nikae huko mpaka nijifungue.

"Amesema nini?" mama mkwe akauliza. Kireno hakujua. Wifi yangu, aliyefika sekondari, alikijua vizuri.

"Amesema damu ya wifi ni chache, mama. Isipoongezeka watampeleka kusini."

Mama mkwe hakuuliza kusini wapi. Alinishika kiganja, akakigeuza, akautazama weupe wake. "Imekauka," akasema. "Nilijua tu."

Tulipofika nyumbani aliingia jikoni, akakusanya ndimu zote zilizokuwa kwenye ungo, akazigawa kwa jirani.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa kwa nini. Ndimu hukausha damu: hivyo ndivyo tulivyoambiwa tangu tukiwa wasichana, mimi pia. Embe mbichi hukausha, ukwaju hukausha, kila kichachu hukausha. Lakini mama mkwe alikuwa na sababu yake zaidi ya hiyo. Binti yake mkubwa, dada wa mume wangu, alikufa akijifungua, kwa damu kutoka bila kukoma. Mimba nzima binti yule alikuwa akilamba ndimu kwa chumvi. Mama yake alimkataza, akawa anakula kwa kujificha. Baada ya kumzika, ndimu katika nyumba ile ilikuwa ya samaki tu. Sasa mwanawe wa kiume naye amekwenda, na kilichobaki cha mwanawe kilikuwa tumboni mwangu. Nilimwelewa. Kumwelewa hakukunisaidia.

Kwa sababu mambo yenyewe nilikuwa nayajua, na nayajua kinyume kabisa na alivyoyajua yeye. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani ni mengi lakini ni magumu kutoka. Tumbo huyaacha yakapita. Ukali ule wa ndimu, wa embe, wa mapera, wa ubuyu, ndio unaoyalegeza yakaingia mwilini. Ukila matembele na ndimu unapata sehemu kubwa zaidi kuliko ukila matembele matupu. Na kipo cha kinyume chake: ukinywa chai ya rangi juu ya chakula hicho, kitu kilichomo ndani ya chai huyakamata madini yale na kuyafunga. Hata kidonge cha hospitali hufungwa vilevile. Haya nilikuwa nayasema hospitalini kila wiki kwa sauti ya juu, na wajawazito wakitikisa vichwa. Sijui walipofika makwao walikutana na mama wakwe wa aina gani.

"Mama," nilimwambia kesho yake, alipoleta sima na mlonge uliopikwa kwa nazi, "naomba kipande cha ndimu. Ndimu ndiyo inayosaidia jani litoe chuma chake."

"Litoe nini?"

"Chuma. Madini. Damu inatengenezwa kwa chuma."

"Mwanangu, hapa tunazungumza habari ya damu, wewe unaniletea habari ya mabati."

Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Dokta wa majani," akasema, "leo umekosa mgonjwa."

Niliendelea. Nikatumia maneno ya darasani, nikataja vitamini kwa herufi zake, nikaionyesha mpaka diploma kwa kidole. Ndilo kosa kubwa zaidi ambalo ningeweza kulifanya. Mama mkwe aliitazama diploma, akaitazama sima yangu inayopoa, akasema kwa upole, "Hayo ni maneno ya Nampula. Huko wana ndimu zao." Kisha akanimiminia chai.

Chai! Hiyo ndiyo iliyokuwa jela yangu ya pili. Msiba wa pwani unakwenda kwa chai. Wageni waliendelea kuja muda mrefu baada ya hitima: jamaa wa Nhica, jamaa wa Diaca waliochelewa kupata habari, majirani wasio na kazi ya kufanya alasiri. Kila aliyekuja aliketi mkekani karibu yangu na kila aliyeketi alimiminiwa chai nyeusi ya tangawizi iliyokaa motoni tangu asubuhi, na mimi pamoja naye. Kuikataa ni kumkataa aliyeileta. Mama mkwe aliamini chai inatia nguvu. Kidonge cha chuma alinipa yeye mwenyewe, kila siku, akisimama juu yangu mpaka nimeze, na alinimezesha kwa chai. Nikiomba maji, anasema maji matupu yanamtia mzazi baridi.

Nikawa nafanya hila. Chai niliimwaga dirishani, mpaka siku moja ikamwangukia kuku akapiga kelele. Nikahamishiwa upande wa pili wa chumba.

Kioo sikuwa nacho, kwa hiyo damu yangu nilikuwa naipima kwa macho ya wifi. Kila asubuhi akija kufagia nilikuwa namwambia, "Hebu nivute kope ya chini, niambie rangi." Alikuwa akiinama, akivuta kope kwa kidole gumba, akichungulia.

"Nyeupe."

"Nyeupe vipi? Kama nini?"

"Kama nyama ya pweza aliyechemshwa."

"Angalia vizuri."

"Wifi, mimi si hospitali. Ni pweza."

Hapo lazima niseme jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Yako mawazo yaliyokuwa yakinijia alasiri, wageni wakiwa wamekaa kimya na chai zao. Damu isipopanda nitapelekwa kusini. Kusini kuna wodi yenye madirisha makubwa, kuna rafiki zangu niliosoma nao, kuna vioo. Nitakaa huko mpaka nijifungue, na nikijifungua eda imekwisha. Kwa hiyo unyonge wangu ulikuwa mlango, mlango pekee wa chumba kile, na nilichotakiwa kukifanya ili ufunguke ni kukaa kimya na kunywa chai. Lakini barabara ile ilikuwa barabara ile, mwenye mimba kubwa juu ya gari siku nzima katikati ya askari. Na mtoto aliyekuwa akinyonya damu yangu ile chache hakuwa na habari ya madirisha. Wazo lilikuwa likija, nalifukuza, kesho linarudi na wageni.

Kilichonizuia nisipate wazimu ni mlonge. Niliuona kupitia dirishani, ukingoni mwa ua, umekatwakatwa kila mwezi kwa ajili ya mboga na kila mwezi unachipua upya. Nilipokuwa mwanafunzi jambo moja lilinishangaza kuliko yote, na sikupata mtu wa kulizungumza naye kwa sababu wenzangu walikuwa wanasoma kwa ajili ya mtihani. Hebu fikiria: mmea haukimbii. Mbuzi akija, haukimbii. Jua likiuunguza, hauhamii kivulini. Mdudu akiukalia hauna mkono wa kumpangusa. Basi kwa kuwa hauna pa kwenda, hupika ndani yake. Hupika uchungu ili mdudu auteme. Hupika rangi nyekundu na ya manjano ili jua lisiuharibu. Hupika harufu, hupika ukali, hupika ile hali ya kukwaruza ulimi. Na vitu hivyohivyo, ambavyo umejipikia kwa sababu umefungwa pale ulipo, ndivyo vinavyotufaa sisi tukiula: njano ya papai na embe huwa afya ya macho, uchungu wa mnavu huamsha tumbo, rangi ya zambarau huilinda mishipa. Kisamvu kimejipikia sumu kabisa, na ndiyo maana hukitwanga na kukichemsha mpaka sumu itoke na mvuke. Nilifaulu vizuri sana katika somo hilo. Lakini sikulijua kwa ndani mpaka nilipokaa chumbani kule, mimi na mlonge tukitazamana, wote wawili hatuendi popote.

Ikaja siku ya mabibo. Msimu wa korosho ulikuwa umekolea, na wifi alirudi shambani na ndoo ya mabibo mekundu na ya manjano, yanatiririka maji. Akayaweka jikoni, mama mkwe akachukua moja, akaling'ata, akakunja uso. Nilimsikia kupitia dirishani kama yuko kitandani kwangu.

"La, hili lina ukakasi! Limenikausha ulimi wote."

Niliketi wima. Limenikausha. Siku zote zile nilikuwa natafuta neno, natafuta katika Kireno, natafuta katika vitabu, nikisema tanino, tanino, kama mtu anayemwita mbuzi wa jirani. Na neno lilikuwa kinywani mwa mama mkwe. Tuna neno la kitu kile! Kile kilichomo ndani ya chai, kinachoyakamata madini, ndicho kile kinachoukamata ulimi. Ukakasi. Mtoto wa huku analijua tangu anapoiba ndizi mbichi.

"Mama!" nikaita. Mjane haiti kwa sauti. Niliita. "Mama, njoo, nakuomba."

Alikuja mbio akidhani ni tumbo. Nikamwambia sina neno, aketi tu. Nikamwomba wifi alete chai ya kwenye birika, ile ya chini kabisa, iliyolala, bila sukari. Na ndimu moja kutoka kwa jirani.

"Ndimu ya nini?" mama mkwe akaruka.

"Si yangu. Ni ya kwako, mama. Wewe huna mimba."

"Nikipata mimba mimi, mji utahama," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anacheka.

Ikaja chai. Nikamwambia apige funda moja, likae mdomoni, alizungushe, ateme. Alifanya. Uso ukajikunja vilevile kama kwa bibo.

"Ulimi ukoje?"

Alijaribu ulimi wake juu ya kaakaa. "Umekwaruza."

"Umekwaruza vipi?"

"Umekauka." Akaujaribu tena. "Una ukakasi."

"Kama bibo?"

"Kama bibo. Kuliko bibo."

"Sukari ndiyo inayouficha kila siku. Sasa ndimu."

Wifi aliikata, akampa nusu. Mama mkwe aliishika kama anashika nge. Alikuwa hajaitia ndimu tupu mdomoni tangu binti yake azikwe. Akaigusa kwa ulimi. Mate yakamjaa kinywani papo hapo, yakataka kumtoka, akafuta midomo kwa ncha ya kanga.

Nilimwacha. Nilikuwa nimejifunza, kwa gharama ya matembele mengi, kwamba nikifungua mdomo naharibu. Alikaa na nusu ya ndimu kiganjani.

"Hii imenitia maji," mama mkwe akasema mwishowe. "Ile imenikausha."

"Ndivyo, mama. Na tumboni ni vivyo hivyo. Kilichokamata ulimi wako ndicho kinachokamata kidonge changu."

Alitazama birika. Niliona wazo likimjia na nikatamani kulizuia, lakini lilikuwa limeshafika.

"Mwanangu alikuwa anakunywa chai," akasema. Hakuwa anamsema mume wangu. "Nilikuwa nampikia mimi. Asubuhi na alasiri. Nikimnyang'anya ndimu nampa chai."

"Mama, sikiliza. Damu ya dada ilimtoka baada ya kuzaa. Hiyo huwa ni kizazi hakijafunga. Inampata mwenye damu nyingi, inampata mwenye damu chache. Chai haimtoi mtu damu."

"Lakini angekuwa na damu nyingi, ingechukua muda kwisha."

Nilimshika mkono wenye ndimu. Nikamwambia, "Sijui, mama. Hakuna aliyekuwa anajua." Wifi alichukua birika akatoka nalo.

Alfajiri ya pili yake chai ilikufa katika nyumba ile. Mama mkwe si mtu wa nusunusu. Kidonge nilimezeshwa kwa maji ya ndimu, naye amesimama juu yangu vilevile. Ndimu ilikamuliwa kwenye matembele, kwenye mlonge, kwenye kunde, chungu kikishaepuliwa, kwa sababu nilimwambia moto mwingi unaua ukali. Papai likaja kila asubuhi. Lakini neno nililompa alilichukua akaenda nalo mbali kuliko nilivyotaka. Sasa kila kilichoingia chumbani kilionjwa kwanza, na kikiwa na ukakasi wowote kilirudishwa. Zambarau zilirudishwa. Mapera yasiyoiva sawasawa yalirudishwa. Mabibo, ambayo ukali wake ni mwingi kuliko hata wa machungwa na ambayo nilikuwa nayaota mchana, yalipigwa marufuku kabisa. Nilijitetea kidogo, nikakatwa kauli.

"Wewe mwenyewe ulisema ukakasi."

"Nilisema chai, mama. Bibo lina vyote viwili, na ule ukali..."

"Ulisema kinachokausha ulimi. Ulimi ni wangu, umekauka."

"Na hiyo tambuu unayotafuna?" wifi akadakia. "Popoo haina ukakasi?"

"Tambuu yangu haina mimba," mama mkwe akajibu, akageukia ukutani kutafuna.

Wageni nao walipata yao. Jirani mmoja, mwanamke mwenye ulimi, alikaa mkekani, akangoja, akapewa kikombe cha maji ya ndimu yenye sukari. Akakitazama.

"Bibi wewe, msiba wako umekuwa harusi? Tunapewa sharubati?"

"Chai inakausha," mama mkwe akasema.

"Inakausha nini?"

"Inakausha damu. Ukiitaka kanywe kwako."

Habari ilienea kwamba mjane wa dereva ni bahili, amemfundisha mkwewe kunyima watu chai ya marehemu. Wengine waliacha kuja. Mama mkwe aliyasikia yote, na hilo si jambo dogo kwa mwanamke wa umri wake na jina lake, naye hakuniambia hata moja. Wifi ndiye aliyeniambia. Alasiri zikawa tupu. Nilikaa na diploma yangu na dirisha langu, bila hata jamaa wa Diaca wa kunitazama kimya. Sikujua kama nimeshinda au nimejiongezea kufuli.

Wifi alivuta kope. "Pweza," akasema. Siku zikapita. "Pweza, lakini mbichi." Kisha siku moja akachungulia kwa muda mrefu, akamwita mama yake watazame wote wawili, wakinivuta kope kama wanachagua samaki. Hawakuniambia rangi. Mama mkwe alisema tu, "Mashallah," akatoka.

Siku ya kliniki tulikwenda mapema, mimi gubigubi, jua likiwa bado jepesi. Mkunga wa Zambézia alinichoma kidole. Akasubiri. Mama mkwe alikuwa amelishika benchi kwa mikono yote miwili.

"Hii sasa ni yako," mkunga akasema, akacheka. "Imepanda vizuri. Umefanya nini?"

"Kazi yangu," nikasema. Na sijapata kutamka maneno mawili kwa raha kama yale.

Akaandika alichoandika. Kisha akashusha sauti, ingawa kwa Kireno hakukuwa na haja. "Hapa unaweza kuzaa sasa, sina wasiwasi. Lakini ni mimba ya kwanza, na wewe ni mwenzetu. Msafara unaondoka kesho na kuna nafasi ya mgonjwa. Ukitaka, nakuandikia uende ukazalie kusini. Ni wewe mwenyewe uamue, senhora técnica. Naona namna wanavyokufunga."

Wifi yangu alielewa kila neno. Alitazama sakafu, mikono imeshika mkoba. Hakumtafsiria mama yake. Aliniachia.

Nilikiona chumba cha kusini, madirisha, upepo. Nilimwona mama mkwe pembeni yangu akitusoma midomo, hajui kama anapokonywa au anapewa. Na niliiona damu ile, niliyoipandisha kwa majani ya uani na ndimu za kuomba kwa jirani, kwa neno moja lililotoka kinywani mwake. Nikipanda gari lile, watu watasema hospitali ya kusini ndiyo iliyoniokoa. Sikuwa tayari kumpa mtu mwingine ushindi huo. Huenda ni kiburi. Kiburi ndicho kilichonitoa Olumbi, siwezi kukikana leo.

"Nitazaa hapa," nikasema kwa Kireno. "Nawe ndiye utakayenizalisha, kwa hiyo ujiandae."

"Anasema nini?" mama mkwe akauliza. "Mbona mmezungumza sana?"

"Damu imepanda, mama," nikamwambia. "Nitazaa hapa."

Alitoa pumzi, akasimama, akanifunika kichwa upya palipokuwa pamefunuka, akabana kanga chini ya kidevu mpaka nikashindwa kugeuka upande. "Haya, haraka," akasema, "jua lisikukute njiani." Tulipofika nyumbani alinitangulia chumbani, akakung'uta kitanda, akanikalisha, akaenda kutwanga mlonge. Mlango akauegesha kwa nje, kama kawaida. Nilimsikia akimwambia wifi aende kwa jirani akaombe ndimu nyingine.